Siku moja maishani mwangu: wakala wa hela na ndoo zake za uzi

Saa 11 alfajiri

Makambako mwezi wa 6 mtu haamki, anajitoa kitandani kwa nguvu. Upepo wa huku anaujua kila dereva wa lori anayepita barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma. Mimi upepo huo naupenda kwa sababu unanikaushia uzi. Kabla ya kuwasha jiko natoka uani kuyagusa mashada manne niliyoyaanika jana mchana, kila moja nimelining'iniza chupa ya maji kwa chini. Uzi uliofumuliwa kwenye sweta kuukuu hutoka umejikunja mawimbimawimbi, na ukiufuma hivyohivyo kazi inakuwa na vinundu. Unauloweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, huusugui, halafu unauachia uzito wa chupa uunyooshe. Haya ya leo ni sufu tupu, bluu ya wino. Nayashika, nayaweka shavuni. Shavu linajua sufu nzuri kuliko vidole, na hakuna namna bora ya kuianza siku ya kazi.

Saa 12 na nusu asubuhi

Chai, maandazi ya jana, mwanangu Neema anatafuta daftari. Sweta lake la shule ni la kununua kwa sababu shule inataka rangi moja kwa wote. Soksi ni zangu, na anazivuta hadi magotini ili zionekane.

Saa 1 na nusu

Nafungua kibanda karibu na stendi. Mimi ni wakala wa kuweka na kutoa pesa kwa simu, mitandao yote. Nahesabu hela taslimu, naangalia floti, yaani hela ya kwenye simu, kwenye kila laini, naandika tarehe kwenye kitabu. Kisha naweka kikapu changu chini ya kaunta, mguuni.

Kibandani nina sheria. Kazi inayotaka hesabu haikai pamoja na hela za watu. Kwa hiyo mchoro wa maua, mikato ya shingo na mistari ya rangi hubaki nyumbani. Huku nakuja na mikono ya sweta, skafu, mgongo ulionyooka, yaani kazi ambayo vidole vinaijua vyenyewe. Mteja akifika naisukuma kazi katikati ya sindano ili vitanzi visichomoke, namhudumia, akiondoka naendelea kitanzi kilekile nilichoachia. Watu hudhani ufumaji unataka muda mrefu wa kukaa. Mimi mgongo mzima wa sweta huutoa kwenye dakika tatutatu kati ya mteja na mteja.

"Kamwene, dada wakala."

"Kamwene, baba. Kutoa au kuweka?"

Asubuhi ni wafanyabiashara wa viazi na mbao, wanatuma hela shambani. Wengi hawasemi zaidi ya hapo, na ni sawa.

Saa 4

Mtandao umekata. Zamani ningekaa na kununa. Sasa ni saa yangu.

Kijana mmoja wa bodaboda anayeegesha mbele ya kibanda ameacha pikipiki na kuja kusimama dirishani. Wiki kadhaa sasa amekuwa akiniangalia, na wiki iliyopita aliniuliza kama mwanaume anaweza kujifunza. Vidole vyake vinakufa ganzi kwenye usukani asubuhi, na glovu za dukani hazimruhusu kushika simu. Anataka zisizo na ncha za vidole.

Nilimwambia habari za kisiwa cha Taquile, kwenye Ziwa Titicaca kule Peru, zaidi ya mita 3,800 juu ya usawa wa bahari. Kule wanaofuma kofia ni wanaume. Mvulana hujifunza akiwa mdogo, na kofia ya mwanaume huonyesha kama ameoa au bado. UNESCO waliutangaza ufundi huo wa nguo kuwa urithi mwaka 2005. Ulaya nako, katika karne ya 16, vyama vya mafundi wafumaji vilikuwa vya wanaume, na kijana alikaa miaka chini ya fundi kabla ya kuruhusiwa kujitegemea. Alisikiliza, akauliza, "Kwa hiyo naanza na nini?"

Anaanza na spoku za baiskeli. Nimekata tano, nimezichonga ncha kwenye jiwe na kuzisugua kwa msasa laini hadi zisikwaruze uzi. Spoku ya kawaida ina unene wa milimita 2, ndiyo saizi ya soksi na glovu za uzi mwembamba. Leo tumetunga vitanzi 64, tukavigawa 16 kwenye kila sindano kwa sindano nne, ya tano ikabaki ya kufumia. Hapo unazunguka: viwili vya mbele, viwili vya nyuma, ili pindo la mkononi livutike na kurudi. Mzunguko wa kwanza spoku zinapigana kila upande, mtu yeyote hapo anakata tamaa. Mzunguko wa nne zinatulia. Alipoufikisha huo wa nne alipandisha mabega kama amepata abiria wa Njombe nauli kamili.

Mtandao umerudi. Foleni.

Saa 6 mchana

Mama mmoja mwenye biashara ya mbao, mteja wangu wa siku nyingi, ananiuliza tena lile swali lake.

"Mama Neema, hilo sweta bei gani?"

"Siuzi, mama."

"Huuzi? Na muda wote huo? Ungefungua duka hapa, mabasi yote yanasimama, watu wa Dar wanashuka na mashati."

Namheshimu, na hesabu yake ni ya kweli. Huku kwetu kila kitu mtu anachokijua vizuri kinaulizwa bei. Ukijua kupika, fungua mgahawa. Ukijua kusuka, weka kiti. Lakini nina biashara tayari, ndiyo hii ya kibanda, na mchana kutwa nahesabu hela za watu hadi shilingi ya mwisho. Uzi ndicho kitu pekee mikononi mwangu ambacho hakiandikwi kwenye kitabu. Nikianza kuuza, nitafuma saizi inayotoka haraka, rangi inayotoka haraka, na ile bluu ya wino nitaiona gharama. Sitaki kuiona gharama. Nataka kuiangalia tu. Sweta langu moja linaweza kukaa mwezi mzima kwa sababu nasubiri kijani fulani, na kusubiri kwenyewe kunanipa raha.

Nilimweleza hivyohivyo. Akacheka, akatoa hela zake, akasema basi nimfumie mzula wa zawadi. Huo nitaufuma kwa moyo wote.

Saa 8

Mdogo wangu ananishikia kibanda kwa saa moja. Leo sokoni wamefungua belo la masweta ya mitumba.

Hapa ndipo ninapokusanya uzi wangu mwingi. Kondoo wetu wa Kimasai na wale wa vichwa vyeusi wana nywele, hawana sufu ya kusokota, na uzi wa dukani unaotufikia kutoka Kariakoo mara nyingi ni akriliki. Akriliki si mbaya, inafulika na haitafunwi na nondo, nguo za watoto wachanga nazifumia hiyo. Lakini anayetaka sufu ya kweli akiwa na mfuko wangu, sufu hiyo imelala ndani ya belo, imefumwa tayari, imetoboka kiwiko, na hakuna anayeitaka.

Kwanza naligeuza sweta ndani nje. Naangalia mshono wa ubavuni. Kingo zikiwa zimepigwa ovaloki, ule mshono wa cherehani wa kuzuia kingo zisifumuke, naliacha: kitambaa kilikatwa kwa mkasi, kwa hiyo kila safu ni kipande chake, utavuta utapata vijiti vya uzi vya urefu wa kifua tu. Ninalotaka ni lile ambalo kila upande ulifumwa kwa umbo lake, kingo zake nzima, halafu zikaunganishwa kwa mnyororo wa uzi. Hilo litatoa uzi mmoja mrefu mgongo mzima. Pili, naangalia kama limeshikamana. Sufu iliyowahi kufuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa inasinyaa na kuganda kama blanketi, haifumuki tena hata ukilia. Tatu, lebo, kama ipo. Kama haipo, namwomba muuzaji kiberiti, nachomoa uzi kidogo pindoni na kuuwasha. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unazimika wenyewe, na jivu linasagika kidoleni. Akriliki inayeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi.

Wauzaji wananijua. "Shangazi, hili lina matundu, chukua jero." Kwangu matundu si tatizo, naruka pale palipokatika. Leo nimepata mawili: la kahawia lenye punje za rangi ya chungwa ambazo unaziona ukilisogeza kwenye mwanga tu, na jeupe la maziwa, zito, la sufu ya mwanakondoo. Yote mawili buku tatu. Dada mmoja pembeni aliniuliza nitavaaje vitu vimechanika namna ile. Nikamwonyesha soksi niliyovaa: ilikuwa sweta la mtu.

Saa 10 jioni hadi saa 12

Mabasi yanaingia. Hapa sifumi kabisa. Abiria wanatoa hela, wananunua mahindi, watoto wanalia baridi, mtu anataka kutuma haraka gari linapiga honi. Macho kwenye simu, macho kwenye noti. Saa 12 nafunga hesabu, imelingana.

Saa 1 na nusu usiku

Tumekula. Neema amemaliza kazi za shule na sasa ananisaidia kufumua lile la kahawia. Kazi hii anaipenda kuliko katuni.

Nakata uzi wa mshono peke yake, kwa mkasi mdogo, polepole, upande wa ubavu kwanza kisha mikono. Ukikata kitanzi cha kitambaa umejiongezea fundo. Masweta mengi yalifumwa kuanzia pindo la chini kwenda juu, kwa hiyo yanafumuka kuanzia shingoni kushuka. Natafuta kile kitanzi cha mwisho pale juu, nakivuta, na safu nzima inakimbia. Kuna mlio wake, trrrrr, mkono wa kushoto unaposhika kitambaa na wa kulia unavuta. Neema anauzungushia uzi kwenye mgongo wa kiti. Tukimaliza kipande tunalifunga shada sehemu nne kwa uzi wa rangi nyingine lisije likachanganyika majini.

Uzi wa viwandani huwa mwembamba kuliko ninaoutaka, basi nauunganisha miwili au mitatu pamoja. Napima kwa kufuma kipande kidogo: vitanzi 22 kwa sentimita 10 kwa sindano za milimita 4, ambazo ni namba 8 kwenye vielelezo vya zamani vya Kiingereza. Kipande hicho hunichukua jioni nzima, na sijawahi kukijutia. Hapo ndipo uzi unasema unataka kuwa nini. Huu wa kahawia, ukikaa na mweupe wa leo, zile punje za chungwa zinatoka mbele. Sikutegemea.

Saa 3 usiku

Neema amelala. Nafungua ndoo.

Ninazihifadhi nyuzi kwenye ndoo za rangi zenye mfuniko, kwa sababu ya nondo, na mara kwa mara nazitoa juani. Ndoo ya bluu, ndoo ya kijani na manjano, ya nyekundu, ya udongoudongo. Kuna madonge humo sina mpango nayo wowote. Lile la zambarau sijui litakuwa nini. Lile la kijivu lilikuwa sweta la marehemu baba, nalo nimelikunja donge zuri na linakaa juu kabisa, nalishika kila ninapofungua. Mtu akiniuliza uzi wote huu wa nini, namfungulia ndoo ya bluu. Kuna bluu humo huwezi kuzitaja kwa maneno, zimepangana kutoka iliyokolea hadi ya anga ya asubuhi, na mara nyingi aliyeuliza anaingiza mkono mwenyewe.

Usiku huu nafanya kazi ya hesabu: sweta la Neema la sikukuu, mistari sita ya rangi kifuani. Amezipanga mwenyewe kwenye karatasi kwa penseli za rangi, bluu ya wino chini, kahawia, nyeupe, kijani, kisha nyekundu, na juu kabisa njano iliyokolea kama ya haradali. Njano hiyo sina. Akriliki ya njano ninayo, lakini haitakaa vizuri pembeni ya sufu, itang'aa peke yake.

Yule muuzaji wa jero amesema Ijumaa anafungua belo la masweta ya watoto. Huko ndiko rangi kali zinakokuwa. Nimeweka buku tano pembeni, na mdogo wangu ameshakubali kunishikia kibanda kuanzia saa 2.