Kaunta buku mbili zilivyoninusuru na fitina za tamthilia

Kila niliyemlalamikia aliniambia ninyamaze. Mjomba: "Kazi za watu hizo, vumilia." Jirani yangu wa Sinza akanong'ona: "Bagamoyo si mbali," yaani niende kwa waganga. Bagamoyo naijua, nimesoma TaSUBa, chuo cha sanaa cha hukohuko, na nilichotoka nacho kule ni cheti tu.

Mimi ni edita. Tulikuwa tunapeleka kituoni vipande vitatu vya tamthilia kwa wiki. Wenzangu wanashuti kwenye jumba la kukodi Mbezi Beach, mimi nimejifungia Sinza na kompyuta. Kipande kikichelewa, msimamizi wa uzalishaji anamwambia Mama, ndivyo tunavyomwita mkurugenzi, kwamba edita analala. Kumbe memori kadi zinalala kwenye gari la msimamizi huyohuyo.

Nilijuaje? Msanii akishavalishwa maiki ya kifuani huisahau, na wanaosimama karibu naye huisahau zaidi. Siku hiyo nahariri sauti ya dada anayecheza mke mkubwa, mara msimamizi wetu akaingia masikioni mwangu, safi, hana hata upepo: "Kadi mpelekee kesho mchana. Mwezi huu ataondoka tu, kile kiti nimeshamwahidi shemeji." Nikarudia mara nne. Ya tano ilikuwa ya raha tu, maana kwa kweli alirekodika vizuri kuliko wasanii.

Marafiki wakataka niimwage kwenye grupu la WhatsApp. Ushauri wa kitoto. Ukishamrusha mtu hivyo, kesho nani atavaa maiki mbele yako? Na yule dada wa watu angeingizwa kwenye kesi isiyomhusu.

Nikajiona mjanja. Kila faili la kamera hubeba saa lilipoanza kurekodiwa, basi nikachapisha orodha nzima, stesheneri wakanila kama elfu tano, nikatinga kikao cha Jumatatu na shati la kola. Mama akasoma ukurasa wa kwanza, akavua miwani.

"Mwanangu, sini ya sokoni mlishuti saa nane usiku?"

Msimamizi akadakia: "Labda edita alikuwa anaota, Mama." Walicheka wote, mpaka aliyeleta chai. Kumbe kijana wa kamera alitega saa ya kamera kwa Kiswahili! Saa mbili asubuhi, yeye kaandika 02:00. Wiki mbili nzima jina langu likawa Saa Nane. Kabla hujamshtaki mtu kwa saa, ikague saa kwanza.

Nikaenda dukani, nikanunua kaunta buku mbili. Moja Mbezi kwa kijana wa kamera, nyingine mezani kwangu. Kadi namba ngapi, nani kachukua au kaleta, saa ngapi, sahihi. "Asubuhi" au "usiku" iandikwe kwa maneno, hilo sikumwachia mtu. Kalamu nikaifunga kwa kamba, la sivyo inaondoka siku ya kwanza. Kwa Mama sikutaja jina la mtu. Nilisema ni usalama wa kadi, maana moja iliwahi kupotea. Ilipotea kweli, ila niliipoteza mimi. Akaamuru kila mtu asaini, na msimamizi angekataaje? Akawa anasaini kila siku, sahihi yake kubwa ya madaha, inakula mistari miwili.

Mwisho wa mwezi kipande kikachelewa tena, wimbo ukawa uleule. Mama akaagiza kaunta buku zote mbili, akazilaza pamoja, akapitisha kidole. Kadi zimetoka Mbezi saa moja usiku. Sinza zimefika kesho yake saa sita mchana.

"Baba, Mbezi Beach mpaka Sinza saa kumi na saba? Ulipitia Dodoma?"

Safari hii sikucheka, niliinamia chai yangu.

Hakufukuzwa. Siku hizi anatafuta nyumba za kushutia. Shemeji yake aliajiriwa kweli, lakini kama msaidizi wangu, na kijana ni mchapakazi: kadi anazifuata Mbezi mwenyewe kwa bodaboda, anasaini. Ile sauti ninayo bado kwenye diski, nimeipa namba ya sini isiyokuwepo.