Feni ya Kompyuta Iliyokufa

Minneapolis, Jumapili usiku

Imezunguka, mashine yangu ya kukorogea hamira! Nataka kuliandika hilo kabla ya mengine yote. Flaski ya lita 2 iko juu ya sanduku la mbao hapa jikoni, na ndani yake kijiti cheupe cha sumaku kinazunguka bila kuguswa na chochote. Maji ya kimea yanakifuata, na katikati pamefunguka tundu dogo linaloteremka. Ukitega sikio unasikia feni ikivuma ndani ya sanduku, basi.

Sisi tunaopika bia nyumbani hununua hamira ya maji ya pakiti. Pakiti kama yangu huwa na seli bilioni 100 hivi siku inapotoka kiwandani, na kila wiki inayopita nyingine zinakufa. Mimi nataka kupika laga, bia inayochachuka kwenye baridi, lita 19, na laga inataka hamira nyingi. Hesabu inayotumiwa na wapishi wengi ni seli milioni 1.5 kwa kila mililita, kwa kila digrii Plato, kipimo cha sukari kwenye maji ya kimea. Kwa bia ya digrii 12 unahitaji zaidi kidogo ya bilioni 340, kwa hiyo pakiti moja haifikii hata theluthi. Ukiimimina hivyo hivyo, hizo chache zitalazimika kuzaana ndani ya bia yenyewe, kwenye baridi, na bia itachelewa kuanza kuchachuka, kisha ije na harufu ya siagi au ya matunda ambayo haina kazi kwenye laga.

Dawa yake ni kuilea kwanza pembeni. Unachemsha unga wa kimea, gramu 100 kwa lita moja ya maji, kwa dakika 15, unapooza, unatia hamira, unaiacha izaane. Wengi hutikisa flaski kwa mkono kila wanapopita karibu, na njia hiyo inafaa kabisa. Ila mimi nilitaka kukoroga mfululizo, na sababu yangu ni moja ambayo tangu niielewe haijanitoka akilini. Hamira hutumia oksijeni kutengeneza mafuta maalumu ya utando wa seli. Kila seli inapozaa, mama na mtoto wanagawana akiba hiyo ya mafuta, na mtoto naye akizaa anagawa tena fungu lake. Akiba ikipungua sana, uzazi unasimama, hata kama sukari bado ipo. Kumbe kiumbe kisichoonekana kwa macho kinatoka nyumbani na posho yake, na posho ikiisha safari imeisha. Kukoroga kunaingiza hewa, kunatoa kabonidayoksaidi, na kunazuia hamira kutuama chini na kulala. Ndiyo maana mdomo wa flaski nimeufunika kwa foili iliyolegea, si kizibo: hewa iingie, vumbi libaki nje.

Mashine za kukorogea kwa sumaku zimo kwenye maabara tangu zamani. Arthur Rosinger wa New Jersey alipata hataza ya yake mwaka 1944. Za dukani zipo na ni nzuri. Lakini jirani yangu alikuwa anatupa kompyuta ya mezani iliyokufa, na ndani yake mlikuwa na karibu kila kitu nilichohitaji.

Feni ilitoka kirahisi, skrubu nne tu, ya volti 12. Kazi ilikuwa kwenye diski, ile inayohifadhi mafaili ya kompyuta. Inafunguliwa kwa bisibisi ndogo ya nyota, na skrubu moja imejificha chini ya lebo. Ukishainua kifuniko unakutana na sahani inayong'aa, na pembeni, pale mkono wa kusomea unapoegemea, kuna sumaku mbili zenye umbo la mwezi mchanga zimegandishwa kwenye vibao vya chuma. Ni nyembamba, zimepakwa nikeli, na nguvu zake zinatisha. Moja ilinivuta bisibisi mkononi. Kuibandua kwenye chuma chake nilikikunja kile chuma kidogo kidogo kwa koleo mbili hadi gundi ikaachia yenyewe, maana ukitumia nguvu sumaku inavunjika, na vipande vyake ni vikali kama chupa.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba sumaku ya diski ina kaskazini na kusini kwenye uso mmoja, nusu kwa nusu. Kijiti cha kukorogea nacho kina ncha ya kaskazini na ya kusini. Kwa hiyo sumaku moja tu, ikikaa katikati ya feni sawasawa, inakishika kijiti pande zote mbili na kukizungusha. Katikati sawasawa, hapo ndipo penye kazi. Nilibandika kwanza washa, kipete bapa cha chuma, juu ya kitovu cha feni, nikaweka sumaku juu yake, na nikawa naisogeza unywele kwa unywele huku feni ikizunguka polepole, hadi mtetemo ukaisha. Ndipo nikatia gundi.

Kwa habari ya umeme nilimpigia mjomba simu. Mjomba ni fundi wa redio Nakuru, na mikono yake imeshika lehemu tangu kabla sijazaliwa. Nilimwambia nataka kupunguza mwendo wa feni kwa volyumu, kama ile ya redio.

"Hapana, mpwa wangu," akasema. "Volyumu ndogo ukiipitishia moto wote wa feni itaungua. Weka LM317, kile kidude cha kupunguza volti, na rezista ya omu 240, halafu volyumu ndiyo iiambie LM317 itoe kiasi gani. Moto wenyewe usipite kwenye volyumu."

"Na chaja, mjomba?"

"Ya modemu ya zamani, ya volti 12, inatosha. Lakini hiyo feni ni ya nini?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo unafanya kazi ya kile kipande cha muratina."

Amepatia kuliko alivyojua. Guka yangu, yaani babu, alipotengeneza muratina, pombe ya asali, alitumia tunda la mti ule ule wa muratina, lililopasuliwa na kukaushwa. Pombe ikishaiva, vile vipande vilitolewa, vikaanikwa juani, vikahifadhiwa hadi safari nyingine. Hamira ilikuwa imejibanza mle kwenye nyuzinyuzi, ikisubiri. Hakuna aliyeihesabu, lakini ililelewa, na kipande kilichozoea kazi kilithaminiwa kuliko kipya. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg kule Copenhagen, alifaulu kukuza hamira safi kutoka seli moja, na kiwanda hicho kikawagawia wapishi wengine bila kuificha. Mimi naiona ni kazi moja na ya guka, ingawa vyombo vilikuwa tofauti. Na hata hamira ya laga ina ukoo wa porini: mwaka 2011 watafiti walitangaza kwamba mzazi wake mmoja, aliyekuwa hajulikani, amepatikana kwenye miti ya misitu ya Patagonia, Argentina.

Nirudi kwenye sanduku. Sehemu ya juu ni ubao mwembamba wa milimita 3, na feni inaning'inia chini yake kwa skrubu ndefu zenye nati, ili niweze kuishusha au kuipandisha. Umbali huo ndio unaoamua kila kitu. Sumaku ikiwa mbali, kijiti kinaponyoka na kurukaruka ndani ya flaski. Ikiwa karibu mno, inagusa ubao. Jambo jingine: mwendo uanze chini kabisa, upande taratibu. Wengi hupenda kuona kimbunga kikali kikishuka hadi kwenye kijiti. Mimi sioni haja. Uso wa maji ukibonyea katikati na hamira isitulie chini, inatosha.

Niliitia hamira jana saa mbili usiku. Jioni ile maji yalikuwa ya kahawia yenye kuangaza, unaona vidole vyako upande wa pili wa kioo. Leo yamekuwa na rangi ya chai ya maziwa, na huoni kitu upande wa pili. Hiyo rangi yote ni hamira. Nimeinama kunusa: harufu ya mkate, na tindikali kidogo, kama inavyotakiwa.

Nitaiacha hadi kesho usiku, kisha niiweke kwenye friji. Ikishatuama nitamwaga maji ya juu, maana yamepigwa hewa mno kuingia kwenye bia ya kunywa, na nitabakiza ule utope mweupe wa chini. Jumamosi ndiyo siku ya kupika. Chumba cha chini ya nyumba kimeshapoa vya kutosha, nyuzi 12 leo asubuhi, na Minnesota bado ina baridi nyingi ya kutoa. Mjomba anataka picha ya waya kabla sijafunga sanduku kwa skrubu. Nitampigia kesho, kule kukipambazuka.