Strungi

Leo asubuhi maziwa yaliisha. Binti yangu akajimiminia strungi, chai kavu isiyo na maziwa, akainua glasi dirishani. "Mama, mbona shosho hanywi hii?" Sikumjibu.

Mwaka ule nilikuwa natoka Kayole alfajiri, narudi giza limeingia. Mama yangu, huyo shosho wake, nilimwona chini ya balbu tu. Usiku akishakula, maumivu yalimshika juu ya tumbo, upande wa kulia, yakapanda hadi begani. Duka la dawa walitupa dawa za vidonda vya tumbo. Tulizinunua mara tatu.

Jumapili moja nikamkuta ameketi ngazini juani, anajikuna wayo kwa gunzi la mahindi. Hakunisikia. Alikuna polepole, kwa nguvu, kama asuguaye sufuria iliyoungua, na kando ya kisigino damu ilishakauka. Nikamwita. Alipoinua uso, weupe wa macho haukuwepo. Yalikuwa manjano kabisa, na jua lile halikuficha kitu. Balbu yetu ndiyo iliyokuwa ikificha.

"Mama, tangu lini?"

Akainamisha kichwa. Akasema mkojo umekuwa kama strungi na choo kimepauka kama udongo wa mfinyanzi. "Una kazi, mwanangu. Sikutaka kukusumbua."

Ultrasaundi ilionyesha vijiwe kwenye mfuko wa nyongo na mrija uliotanuka, ila jiwe lililoziba halikuonekana mpaka alipopigwa picha ya MRI. Daktari alituchorea juu ya bahasha: ini hutengeneza nyongo, nyongo hushuka kwa mrija hadi utumbo mdogo; jiwe limetoka mfukoni, limekwama njiani, nyongo inarudi kwenye damu. Akatuonya kwamba homa ya kutetemeka ikija tusingoje kukuche. Ndugu wakachanga kwa M-Pesa. Kamera ikapitishwa mdomoni hadi kwenye utumbo, mlango wa mrija ukakatwa kidogo, jiwe likavutwa kwa kikapu cha waya, tumbo halikupasuliwa. Walishatuambia kongosho linaweza kuvimba baada ya hapo, kwa hiyo usiku ule sikufumba jicho. Baadaye mfuko wenyewe ukatolewa kupitia matundu madogo.

Sijawahi kumuuliza ni siku ngapi alijikuna huku mimi nimelala chumba cha pili. Nikienda kumwamkia, naanza kwa kufungua pazia. Naye akiniona naelekea dirishani, ananigeuzia uso kabla sijamwomba.