Lengo Langu Halimo Kwenye Mizani

Nina kilo 60 na urefu wa mita 1.65, kwa hiyo uwiano wa uzito na urefu wangu (BMI, yaani kilo zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) ni 22, ndani kabisa ya kiwango cha 18.5 hadi 24.9 ambacho Shirika la Afya Duniani hukihesabu kuwa cha kawaida kwa mtu mzima. Hata hivyo, kila anayenikuta nikitoka mazoezini huniuliza ninapunguza nini, na shangazi yangu ameniambia waziwazi: "Mwanangu, usije ukaisha bure." Namwelewa, kwa kuwa watu wengi tumezoea kuamini kwamba mazoezi ni dawa ya unene na kwamba asiye mnene hana la kutafuta huko.

Mimi nilipata sababu kwenye ngazi. Ninaishi ghorofa ya tatu hapa Dar es Salaam, na maji yakikatika tunateka kwenye tangi la chini. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Nikifika ghorofa ya pili mshikio ulikuwa umenikata vidole, mkono umekufa ganzi, mapaja yanatetemeka, nami nalazimika kuitua nipumue. Mizani haikuwa na neno la kusema juu ya hilo, kwa sababu hupima uzito wote kwa pamoja bila kutofautisha msuli na mafuta, wala haijui moyo unavyohangaika. Nikajiwekea lengo la kupandisha ndoo hiyo hadi mlangoni bila kuitua.

Shirika hilohilo linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Kutembea haraka hakukunisumbua. Kazi ilikuwa kwenye nguvu. Pushapu nilizianzia ukutani, nikahamia ukingo wa meza, na sasa nazipiga sakafuni, kifua kikigusa mkeka. Nachuchumaa na kuinuka nikiwa na begi lenye chupa za maji mgongoni, nikiongeza chupa pale tu mwili unapozoea. Ndoo sasa inafika mlangoni, ingawa uzito wangu umebaki palepale.

Jambo linalonigusa zaidi ni chakula. Mwenye uzito wa kawaida anayejenga misuli hana sababu ya kujinyima. Mimi nimeongeza maharage, dagaa na mayai, na ugali sijauacha. Nasikitika ninapowaona mabinti wembamba wakifanya mazoezi makali huku wakiruka milo ili wakonde zaidi, kwa maana mwili usiolishwa vya kutosha unaweza kusitisha hedhi, na mifupa nayo ikadhoofika. Hedhi ikipotea kwa namna hiyo, binti apunguze mazoezi, ale vizuri na amwone daktari, hata kama kila anayemtazama anamsifia umbo.