Visu hamsini, faida kiduchu

Jana nimekesha hapa Umoja nikifua visu vya chuma kwenye Skyrim, mchezo wa kompyuta, ili nipandishe ujuzi wa uhunzi haraka kwa vitu rahisi, kama fundi wa Kamukunji mwenye oda ya harusi. Kipande kimoja cha chuma na ukanda wa ngozi, kisu hicho. Visu hamsini! Kumbe ujanja huo ulipunguzwa makali tangu 2012: siku hizi ujuzi wa uhunzi unaongezeka kulingana na thamani ya kitu unachotengeneza, na kisu cha chuma thamani yake ni ya kuhurumiwa. Kunoa nako kuna ngazi zake, na bila kufungua kipaji cha metali husika hufiki mbali.

Binamu yangu anauza mitumba Gikomba. Nikamweleza rangi zinazoonyesha ubora wa vitu kwenye World of Warcraft, mchezo mwingine, kuanzia duni: kijivu, nyeupe, kijani, buluu, zambarau, halafu chungwa juu yake.

"Si ungesema tu kijivu ni fagia na chungwa ni kamera?" akaniuliza. Kwa watu wa mitumba, fagia ni mabaki na kamera ni nguo za daraja la kwanza.

Miaka yote nimekuwa nikiwaeleza watu kwa aya nzima.

Nikarudi kufua. Stima ikapotea kabla sijasevu.