Sabufa inaunguruma? Usikimbilie kuongeza kapasita

Sabufa ikianza kuunguruma mafundi wengi mtaani wanaongeza kapasita, zile kopo zinazotunza chaji ya umeme ndani ya mashine. Ilikuwa na mikrofaradi 3300 wanaweka 10,000, mngurumo unapungua kidogo, mteja anaondoka ameridhika, ila ule mlio mkali wa zzzz unabaki palepale na saa nyingine ndo unazidi kabisa. Hii kitu inanikera kwa sababu dawa yake ni vitu vya bei ndogo sana.

Kwanza tenganisha sauti. Chomoa waya za RCA (zinazoingiza sauti), volyumu weka sifuri, sikiliza. Ukisikia mmmm nzito na laini hiyo ni hezi 50, masafa ya umeme wa ukutani, mara nyingi transfoma imekaa karibu na waya za sauti. Ukisikia zzzz yenye makali hiyo ni 100 pamoja na ndugu zake wa juu, 200, 300, kuendelea, na hapo mtuhumiwa ni upande wa daiodi, zile zinazogeuza AC ya transfoma kuwa DC ya kuchaji kapasita.

Sasa kwa nini kapasita kubwa haisaidii? Kapasita haichajiwi muda wote, inachajiwa pale tu wimbi linapofika kileleni, mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo amplifaya inaweza kuwa inakula ampea 1 ya wastani lakini kwenye waya za transfoma zinapita ampea kadhaa kwa mkupuo mfupi. Ukiweka kapasita kubwa zaidi mkupuo unakuwa mfupi zaidi na mkali zaidi. Afu kuna lingine, daiodi za kawaida kama 1N4007 na 1N5408 hazifungi papo hapo, mkupuo ukiisha umeme unarudi nyuma kidogo kisha daiodi inakata ghafla, na koili ya transfoma ikikatiwa hivyo inabaki inatetemeka kama kengele iliyogongwa, kwa masafa ya laki kadhaa za hezi au zaidi. Washa redio ya MW (masafa ya kati) pembeni ya sabufa (zima kwanza taa za LED na chaja, nazo zinapiga kelele), utaisikia yenyewe ikikwaruza.

Dawa ya kwanza, na mi hii ndo naipenda kuliko zote, ni kapasita na rizista kwenye waya za AC zinazotoka transfoma, kabla ya daiodi. Weka nanofaradi 10 moja kwa moja kati ya waya mbili za nje (sio ule wa katikati), halafu sambamba nayo weka ya nanofaradi 150 ikiwa imeunganishwa na rizista kwa mfululizo. Kapasita zote mbili ziwe za plastiki, za volti 100 kwenda juu. Rizista anza na omu 100, ukiwa na oskiloskopu (kifaa cha kuonyesha wimbi la umeme) badilisha mpaka mtetemo ufe. Wengi wanabandika kapasita tu juu ya kila daiodi wakaishia hapo, sasa hiyo inashusha masafa ya mtetemo lakini haiuui, anayeuua ni rizista.

Daiodi za haraka pia ni nzuri, UF4007 kwa mashine ndogo, MUR860 kwa kubwa. Daiodi za aina ya Schottky ni bora zaidi ila angalia volti: transfoma ya 12-0-12 (volti 12 kila upande wa waya wa katikati) kwenye daraja la daiodi nne inampa kila daiodi kama volti 34 kinyume, na umeme wetu ukipanda hadi 250 wakati sabufa imetulia unaweza kupita 40, kwa hiyo 1N5822 ambayo mwisho wake ni 40 usiiweke hapo, tafuta MBR20100.

Halafu waya jamani! Unaweza kununua daiodi ya bei mbaya na bado ikaunguruma kwa sababu waya wa katikati wa transfoma umeungwa kwenye graundi ya sauti. Waya huo uende moja kwa moja katikati ya kapasita mbili kubwa, hapo ndo ile mikupuo inazunguka, kisha kutoka hapo vuta waya mwingine mfupi mpaka kituo kimoja ambapo graundi ya spika, ya bodi na ya input zote zinakutania, kila moja na waya wake. Waya za AC zisokote pamoja na uzipitishe mbali na volyumu.

Na kabla hujagusa chochote chomoa plagi, kapasita zimalize chaji kwa rizista ya omu 100 ya wati 5, achana na ile tabia ya kupiga shoti na bisibisi.