Kukimbia kabla ya chai

Mara nyingi ninakimbia alfajiri kutoka Ujiji hadi Mwanga, hapa Kigoma, na kurudi, na vijana ninaokimbia nao hawaachi kuniuliza kama inafaa kutia kitu tumboni kwanza. Jibu langu hutegemea mwendo wanaokusudia kukimbia siku hiyo.

Aliyekula ugali wake saa mbili usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri ana saa tisa bila chakula. Kufikia hapo insulini, homoni ya kongosho inayoingiza sukari katika seli na kuzuia mafuta ya mwili yasivunjwe, imeshuka, ilhali glukagoni, inayotoka kongosho hilohilo, imekuwa ikiliamuru ini lifungue akiba yake ya sukari. Akiba hiyo ni ndogo, takriban gramu 100 kwa mtu mzima aliyeshiba, na usiku kucha ubongo umekuwa ukiila. Kotisoli nayo, homoni inayosaidia kupandisha sukari ya damu, hupanda asubuhi kwa desturi yake. Unapoanza kukimbia, adrenalini, homoni inayouchangamsha mwili, huongezeka, na kwa kuwa insulini iko chini, mafuta huachiwa kuingia katika damu na kuifikia misuli kwa urahisi. Kwa hiyo mwendo wa pole huwezekana bila kula, lakini kilima cha kutoka stesheni kuelekea Mwanga, ukikipanda kwa kasi, hudai sukari, na hapo ndipo miguu huwa mizito.

Kula nako kuna saa yake. Siku moja nilikunywa chai yenye sukari nyingi pamoja na chapati mbili, nikatoka baada ya nusu saa, na sikufika mbali kabla mikono haijaanza kutetemeka na jasho la baridi kunitoka. Insulini ilikuwa imepanda kwa ajili ya chai ileile, na misuli inayofanya kazi hufyonza sukari hata bila kuisubiri insulini, kwa hiyo sukari ya damu ilivutwa na pande mbili kwa wakati mmoja. Hali hii haimpati kila mtu. Mimi hunipata, na tangu siku hiyo hula saa mbili au tatu kabla, ama ninatoka bila kula.

Wanaokimbia na njaa ili wapungue huwa ninawaambia ukweli, ingawa hawaupendi: mafuta mengi zaidi huchomwa katika saa ile ya mazoezi, lakini mwili hufidia baadaye, na uzito huamuliwa na jumla ya chakula cha siku nzima.

Ninayemhofia zaidi ni mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini. Kongosho la mtu mzima wa afya hupunguza insulini mara mazoezi yanapoanza, bali ile ya sindano huendelea kufanya kazi, na sukari inaweza kushuka hadi mtu akazirai. Mzee mmoja wa kundi letu hupima sukari kabla ya kufunga kamba za viatu, hubeba glukosi mfukoni, na kipimo kikiwa chini yeye huketi barazani akatusubiri.